Daftari, simu, mfumo wa kulipia au vihisi: njia ipi ya data ilinde ubora wa jengo lako

Ghorofa linapopanda kwa kasi ya kawaida ya miji yetu, slabu moja kila wiki mbili au tatu, jibu la maabara la siku 28 (nguvu ya sampuli ya zege inayovunjwa siku 28 baada ya kumwagwa) hufika saiti wakati zege jingine limeshamwagwa juu ya lile lililopimwa. Jibu likiwa baya, mhandisi anabaki na njia chungu: kukata sampuli kwenye slabu, kuimarisha nguzo, au kubomoa kazi ambayo mwenye jengo ameshailipia. Mjadala wa data katika ujenzi, kwangu, unaanzia hapo. Vipimo tunavyo na vyeti tunavyo. Vinachelewa, vinafungiwa kwenye faili, na mara nyingi hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuvipanga pamoja aone vinaelekea wapi.

Wauzaji wa mifumo huizungumzia data kubwa, yaani taarifa nyingi mno zinazochambuliwa kwa kompyuta, kana kwamba ukishanunua leseni ubora unakuja wenyewe. Ninaandika kwa ajili ya mkandarasi wa kati, mhandisi mshauri na mwenye jengo anayetaka kujua fedha yake aielekeze wapi. Njia zinazopatikana kwetu leo ni nne: daftari na faili, fomu ya simu pamoja na jedwali la kompyuta, mfumo wa kulipia wa mtandaoni, yaani programu ya kusimamia ujenzi inayotumiwa kwa malipo, na vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupima joto vinavyofungwa kwenye nondo kabla ya kumwaga. Nitazipitisha zote kwenye kazi moja ya mfano: slabu ya ghorofa ya tatu, meta za ujazo 60, zege la daraja C25 (nguvu ya niutoni 25 kwa milimita ya mraba siku ya 28), lori 10 za meta za ujazo 6 kila moja. Kutoka lori nne zinachukuliwa sampuli, michemraba mitatu kila lori, mmoja wa kuvunjwa siku ya 7 na miwili siku ya 28.

Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Aprili 2016 jengo la Huruma, Nairobi, liliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua makumi ya watu. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa Kariakoo: zaidi ya watu 20 walifariki, na tume ikaundwa kukagua majengo ya eneo hilo. Data peke yake haimzuii mtu aliyeamua kupandisha ghorofa zaidi ya mchoro. Inachofanya ni kumpa mhandisi mwaminifu ushahidi wa kusimamisha kazi mapema, na kumwondolea yule mwingine nafasi ya kusema hakujua.

Daftari na faili

Daftari lisidharauliwe. Halihitaji umeme wala bando, lina saini, na likitunzwa vizuri linasimama mahakamani. Kwa slabu yetu ya mfano, daftari lililojazwa na foromani makini litaonyesha namba ya kila lori, saa lilipofika, slampu (kipimo cha ulaini wa zege bichi) iliyopimwa kwa ile koni ya milimita 300, sehemu ya slabu zege lilipomwagwa, na alama za michemraba. Hizo ndizo taarifa ambazo mifumo ya gharama kubwa nayo inazitafuta.

Udhaifu wake unaonekana muda unapopita. Chukua majibu haya ya siku 28 kutoka jengo moja, kwa mpangilio wa kumwagwa, katika niutoni kwa milimita ya mraba: 34, 33, 35, 32, 31, 32, 30, 29, 30, 28, 27, 28. Zege lilitakiwa kuwa C25. Kila cheti kikifika peke yake kinasomeka "limefaulu", kinapigwa muhuri, kinaingia kwenye faili. Lakini yasome mfululizo: zege la jengo hili linazidi kudhoofika. Kanuni ya Uingereza ya BS 5328, iliyotumika hadi 2003, ilitaka wastani wa majibu manne yanayofuatana uzidi daraja kwa 3, yaani ufike 28 kwa C25. Manne ya mwisho hapo juu yana wastani wa 28.25. Jibu linalofuata likiwa 26, wastani unashuka hadi 27.25 na zege limeanguka mtihani, ingawa hakuna mchemraba hata mmoja uliopungua 25.

Mwenye faili hawezi kuliona hilo mpaka akae chini na kalamu, na saiti yenye presha ya ratiba haimpi muda huo.

Simu na jedwali

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu naamini hapa ndipo wengi wetu tunapaswa kuanzia.

KoboToolbox na ODK zinajulikana sana Afrika Mashariki kwa watu wa afya, kilimo na sensa za miradi. Unatengeneza fomu, inawekwa kwenye simu za Android, inajazwa hata pasipo mtandao, na simu ikikutana na intaneti inatuma. Zana hizohizo zinafaa saiti bila kubadilishwa chochote. ODK ni programu huria, na Kobo ina kiwango cha bure chenye ukomo wake. Gharama halisi ni simu moja au mbili, bando, na mshahara wa mtu atakayewajibika.

Fomu ya zege isizidi maswali kumi na mbili hivi. Namba ya lori. Saa lilipoondoka kiwandani na saa lilipomaliza kumwaga. Slampu. Lita za maji zilizoongezwa saiti. Sehemu ya jengo kwa herufi na namba za mihimili ya mchoro. Alama za michemraba na jina la aliyeitengeneza. Aina ya saruji, 32.5 au 42.5, na namba ya toleo la kiwandani. Picha ya koni na rula. Kama zege linachanganywa hapohapo kwa mikisa, badala ya lori andika mifuko mingapi ya kilo 50 na maboksi mangapi ya mchanga na kokoto kwa kila mchanganyo.

Swali la maji ndilo linalonipa imani zaidi na fomu hii. Kila aliyesimama kwenye slabu anajua sauti ile: "Injinia, ongeza maji kidogo, zege halisogei." Tangu Duff Abrams alipochapisha kazi yake Marekani mwaka 1918, wahandisi wanajua kwamba kwa saruji ileile, maji yakizidi nguvu ya zege inashuka. Kwenye daftari maji ya kuongeza huwa hayaandikwi. Kwenye fomu isiyokubali kutumwa bila kujibu swali hilo, angalau mtu anapaswa kuandika sifuri kwa mkono wake, na sifuri hiyo ina jina lake na saa yake.

Baada ya lori hamsini au mia moja, jedwali linaanza kuzungumza. Unaweza kupanga muda wa safari dhidi ya slampu, dhidi ya maji yaliyoongezwa, dhidi ya nguvu ya siku 7. Kanuni nyingi huweka ukomo wa kati ya dakika 90 na saa mbili tangu kuchanganya hadi kumwaga. Katika jiji lenye foleni kama Dar es Salaam, unaweza kukuta kwamba lori zinazotoka kiwandani alasiri ndizo zinazofika zege likiwa gumu, ndizo zinazoongezwa maji, na ndizo zenye michemraba dhaifu. Hapo dawa haina uhusiano na kuwafokea mafundi. Dawa ni kuagiza zege la alfajiri, au kukubaliana na kiwanda kuhusu kemikali ya kuchelewesha kuganda.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Walter Shewhart alichora chati yake ya kwanza ya udhibiti mwaka 1924, akiwa na kampuni ya vifaa vya simu ya Marekani. Mwaka 1954 E. S. Page wa Uingereza akachapisha njia ya jumla limbikizi, na viwanda vya zege vya nchi hiyo vikaja kuifanya chombo cha kila siku. Inafanyika hivi: kila jibu toa lengo, halafu endelea kujumlisha tofauti. Kwa majibu yale kumi na mawili, lengo likiwa 32, jumla inakwenda 2, 3, 6, 6, 5, 5, 3, 0, −2, −6, −11, −15. Ukichora, mstari unapanda kidogo, unalala, kisha unaporomoka. Mtu yeyote anauona, hata asiyejua takwimu. Kuanguka kunaanza kwenye jibu la saba, wakati faili bado linasema kila kitu kimefaulu.

Uzuri mwingine ni kwamba huhitaji kusubiri siku 28. Ukishakuwa na jozi kumi au kumi na tano za majibu ya siku 7 na siku 28 kwa mchanganyo wako mwenyewe, unajua uwiano wake. Tuseme ni 0.70. Sampuli ya siku 7 ikitoa 18, unatarajia 25.7 siku ya 28, mbali chini ya lengo la 32. Unazijua habari hizo kabla ya kufunga nondo za ghorofa inayofuata. Uwiano huo hauazimwi kutoka jengo la jirani: saruji yenye pozolana (majivu ya volkano na mengine ya aina hiyo) hupata nguvu polepole mwanzoni kuliko saruji ya kawaida, kwa hiyo ukibadilisha saruji unaanza jozi upya.

Kuna pia fedha ndani yake, na hili ni la kumwambia mwenye kampuni asiyependa makaratasi. Lengo la wastani wa zege huwekwa kwa kuchukua daraja na kuongeza 1.64 mara mtawanyiko wa majibu, yaani kipimo cha jinsi yanavyotofautiana na wastani wake. Mkandarasi ambaye mtawanyiko wake ni 6 anatakiwa kulenga 34.8 ili apate C25 kwa uhakika. Yule aliyeubana ukawa 4 analenga 31.6. Tofauti ya 3.2 hulipwa kwa saruji, katika kila meta ya ujazo ya jengo zima. Anayepima vizuri na kusawazisha kazi yake ananunua saruji pungufu kwa usalama uleule.

Njia hii ina udhaifu wa wazi. Inategemea mtu. Fomu ikijazwa jioni kwa kukumbuka, au picha moja ikitumwa kwa lori tano, jedwali linajaa takataka zenye sura ya data. Pia haikuambii chochote kuhusu nondo, mchoro wala kina cha msingi isipokuwa ukitengeneza fomu nyingine za hayo. Michemraba nayo inaweza kudanganya bila mtu kudanganya: iliyoachwa juani badala ya kuzamishwa kwenye maji, au iliyoshindiliwa vibaya, inatoa majibu mabaya ya zege zuri. Ndiyo sababu jina la aliyeitengeneza limo kwenye fomu.

Mifumo ya kulipia

Procore, Autodesk, PlanRadar na Fieldwire ndiyo majina utakayokutana nayo. Procore huuza kwa kuangalia thamani ya kazi zako za mwaka, bila kuhesabu watumiaji. Nyingine hutoza zaidi kwa mtumiaji. Vyovyote vile unalipa kwa fedha za kigeni, na shilingi ikishuka gharama inapanda katikati ya mradi.

Kwa michemraba yetu kumi na miwili mifumo hii haikupi kitu kikubwa kuliko jedwali. Thamani yake iko kabla ya zege kumwagwa. Mchoro ukirekebishwa na mbunifu saa nne, foromani anauona uleule saa nne na robo, na ule wa zamani unafungwa. Kabla ya slabu, orodha ya ukaguzi wa nondo inajazwa mhimili kwa mhimili, kila picha ikikaa mahali pake kwenye mchoro: nafasi za nondo, urefu wa kupishana, vipande vya kuinulia nondo ili zifunikwe na zege. Mshauri asipoidhinisha, ruhusa ya kumwaga haitoki. Kosa la nondo huonekana hapo au halionekani tena, maana mchemraba wa maabara hauna nondo ndani yake.

Mfano unaonishawishi ni wa Hong Kong. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba katika upanuzi wa kituo cha reli cha Hung Hom baadhi ya nondo zilikuwa zimekatwa badala ya kufungwa hadi mwisho kwenye viungio vyake. Serikali iliunda tume ya uchunguzi. Fomu nyingi za ukaguzi hazikupatikana, na zege likalazimika kufukuliwa sehemu mbalimbali ili watu waone kwa macho kilichomo. Ripoti ya mwisho ikatoka mwaka 2020. Mwaka huohuo serikali ikaanza kudai mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa kazi kwenye mikataba yake ya ujenzi inayozidi dola milioni 300 za Hong Kong. Kampuni zilizohusika zilikuwa kubwa na zilikuwa na taratibu za ubora zilizoandikwa vizuri. Karatasi ndizo zilizokosekana siku zilipohitajika.

Kwa hiyo ningelipia mfumo kama nina saiti tatu au zaidi kwa wakati mmoja, wabunifu walioko mji mwingine, au mfadhili anayetaka kumbukumbu za kila ukaguzi. Kwa saiti moja ya ghorofa nne sioni hoja. Kabla ya kusaini, omba uonyeshwe kwa vitendo namna ya kutoa data yako yote, picha na tarehe zake zikiwemo, siku utakapoacha kulipa. Muuzaji akizungukazunguka kwenye swali hilo, tafuta mwingine. Na kama mfumo utahifadhi picha, sura au alama za vidole vya vibarua kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinakuhusu.

Vihisi ndani ya zege

Kihisi cha aina hii, kama SmartRock ya kampuni ya Giatec ya Canada, hufungwa kwenye nondo, kinazikwa na zege, kisha kinatuma joto la ndani kwenye simu. Kutokana na joto na muda kinakokotoa ukomavu wa zege, na kutoka ukomavu nguvu yake. Kanuni ya Marekani ya ASTM C1074 inaeleza utaratibu.

Kwa nchi yenye pwani na nyanda za juu, hesabu yake ina maana kubwa. Njia rahisi huzidisha joto kwa saa. Tukichukua nyuzi 0 kama chanzo, zege lililokaa kwa wastani wa nyuzi 33 Dar es Salaam kwa saa 72 limekusanya 2,376. Zege hilohilo likikaa kwa nyuzi 18 kule Njombe mwezi Julai limekusanya 1,296 tu kwa saa zilezile. La Dar lilifika hapo ndani ya saa 40 hivi. Foromani aliyezoea pwani akienda Njombe na mazoea yake ya kufungua mbao za pembeni au kupunguza nguzo za kuegemeza kwa kuhesabu siku, anajiweka hatarini yeye na mafundi walio chini ya slabu.

Sehemu ya pili ambapo vihisi vinastahili fedha yake ni msingi mnene. Zege nene likipata moto sana ndani huku nje likipoa, linapasuka. Miongozo mingi hutaka tofauti kati ya kiini na uso isizidi nyuzi 20, na joto la juu lisipite 70. Kwa msingi wa unene wa meta moja na nusu hakuna namna ya kujua hilo kwa kugusa.

Lakini sikiliza hili kabla ya kununua, kwa sababu nimeona likipitwa haraka kwenye maelezo ya mauzo: kihisi cha joto hakioni maji. Dereva akiongeza lita 40 kwenye lori, joto litaonekana zuri na simu itakuonyesha nguvu ambayo zege halina. Kihisi kinajua tu mchanganyo uliopimwa maabara mwanzoni. Ukibadilisha saruji, mchanga au uwiano wa maji, namba zake hazikuhusu tena. Kwenye slabu yetu ya mfano kingeniambia lini nifungue mbao. Kisingeniambia kama lori la saba lilikuwa baya, na kwa hilo bado ninahitaji koni, michemraba na mtu aliyesimama pale.

Droni na picha za pande zote zinazochambuliwa na akili unde zinafaa kuhesabu maendeleo ya kazi, kupima ujazo wa udongo na kukagua paa. Kwa ubora wa zege la ghorofa dogo si za kuanzia.

Namba zinazoghushiwa

Ukilinganisha njia hizi, uliza pia ni rahisi kiasi gani kudanganya kila mojawapo. Mwaka 2017 tume ya kupambana na rushwa ya Hong Kong iliwakamata watu 21 kuhusiana na vipimo vya zege vya daraja la Hong Kong–Zhuhai–Macao. Ilielezwa kwamba vipande vya chuma vya kusahihishia mashine na michemraba ya zege imara viliwekwa mahali pa sampuli halisi, na saa za mashine zikarekebishwa kuficha vipimo vilivyochelewa. Vyeti vilitoka safi kabisa.

Data nyingi zina faida moja hapa ambayo cheti kimoja hakiwezi kuwa nayo: uongo una umbo. Zege halisi hutawanyika. Majibu ishirini yaliyobanana kati ya 30.1 na 30.6 yanapaswa kumshtua mtu kuliko majibu mawili mabaya. Uwiano wa siku 7 kwa siku 28 ukiwa uleule kwa kila lori, kuna mkono umekaa mezani ukijaza. Vipimo kumi na viwili vilivyofanywa ndani ya dakika nane kwenye mashine moja navyo vinauliza maswali. Kwa daftari, ukaguzi huu ni kazi ya wiki. Kwa jedwali lenye saa na picha ni kazi ya asubuhi moja, na mshauri anaweza kuifanya bila kumwambia mtu. Wapo pia wanaozika chipu ndogo ya redio ndani ya mchemraba ukiwa bado mbichi, ili uliopimwa uwe ndio uliotoka saiti. Kwa miradi mikubwa ya umma ningependa tuifikirie kwa dhati.

Data kubwa kweli hazipo kwa mkandarasi mmoja

Jengo moja la ghorofa nane hutoa majibu mia chache ya michemraba. Hayo yanatosha kwa chati, hayatoshi kwa yale makubwa yanayoahidiwa. Marekani na Canada walianza mwaka 1987 mpango wa kufuatilia barabara kwa muda mrefu, vipande zaidi ya 2,500 vya lami na zege, wakipima nyufa, mifereji inayochimbwa na magurudumu, hali ya hewa na uzito wa magari, na data zake ziko wazi kwa yeyote. Singapore ilianzisha mwaka 1989 mfumo wa CONQUAS wa kuyapa majengo alama za ubora kwa vigezo vilevile, unaomsaidia mnunuzi wa nyumba kulinganisha mjenzi na mjenzi. Kazi hizo zilifanywa na mamlaka, kwa sababu hakuna kampuni binafsi yenye majengo ya kutosha wala sababu ya kuwagawia wapinzani wake.

Kwetu mamlaka zipo. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Baraza la Taifa la Ujenzi. Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Maabara za kupima zege zinafahamika. Kama kila jibu la mchemraba lingetumwa kwenye hifadhi moja, likiwa na namba ya mradi, tarehe ya kumwaga na toleo la saruji, toleo baya la saruji lingeonekana kwenye saiti kumi kwa wakati mmoja badala ya kila mhandisi kudhani kosa ni la mafundi wake. Naona hili ni la haraka kuliko kumhimiza kila mkandarasi anunue mfumo wake.

Ningechagua hivi

Nyumba ya ghorofa moja au mbili: daftari zuri, koni ya slampu, michemraba, na jedwali moja ambalo mhandisi analijaza mwenyewe. Usinunue kitu kingine. Ongeza siku za fundi kumwagilia zege maji.

Ghorofa tatu hadi kumi, saiti moja: fomu ya simu na chati ya jumla limbikizi, bila kusita. Mtu mmoja aitwe kwa jina kwenye mpango wa ubora, na chati ijadiliwe kila Jumatatu kabla ya kuagiza zege la wiki. Kuwe na sheria iliyoandikwa mapema: mstari ukishuka kwa kiasi fulani, kumwaga kunasimama mpaka sababu ijulikane. Bila sheria hiyo chati inakuwa pambo la ukutani, maana siku ya kusimama ndiyo siku ambayo mwenye jengo ana haraka zaidi.

Kazi za nyanda za juu kwenye baridi, misingi minene, au slabu zinazokazwa kwa nyaya: ongeza vihisi kwenye sehemu chache zilizochaguliwa, juu ya fomu ya simu, kamwe visiwe mbadala wake.

Saiti nyingi, au mradi wa mfadhili: mfumo wa kulipia, na uanze na michoro na ruhusa za kumwaga kabla ya kugusa ripoti zake za rangi.

Wewe mwenye jengo usiye mhandisi una nguvu kuliko unavyodhani, ilimradi uitumie kabla ya kusaini. Andika kwenye mkataba kwamba majibu yote ya vipimo yatakufikia kama jedwali linaloweza kufunguliwa na kupangwa, kila Ijumaa, pamoja na vyeti vyenye mihuri, na kwamba malipo ya kila ghorofa yanasubiri majibu ya siku 7 ya ghorofa hiyo. Mlipe mhandisi mwingine, asiye na uhusiano na mkandarasi, saa mbili kwa wiki alisome jedwali hilo. Ukilinganisha na bei ya slabu moja, malipo yake ni madogo mno.